Diwani ya Majina: Nyanda za Kati na Suala la Kuhesabiwa

Wapenzi wa ushairi wanalijua neno diwani kwa maana ya kitabu kilichokusanya tungo za mshairi. Wapiga kura wanalijua kwa maana nyingine, ya mtu waliyemchagua aisemee kata yao. Maana hizi mbili zimezaliwa tumbo moja. Neno hili, lilipotoka kwa Waajemi na kupita kwa Waarabu, lilikuwa na maana ya daftari. Sayyidna Umar ibn al-Khattab, katika ukhalifa wake, aliamrisha majina ya Waislamu yaandikwe katika diwani ili kila mmoja ajulikane fungu lake katika mali ya umma. Jina likiwamo, fungu limo.

Tunapozungumza juu ya sensa siku hizi twaelekea kuiona kuwa ni kazi ya makarani na mashine, yaani jambo la kujumlisha na kugawanya. Asili ya neno diwani yatukumbusha kwamba kuandikwa jina ni nusu tu ya shughuli. Nusu ya pili ni kile kinachomrudia mwenye jina. Hoja ya makala haya ni kwamba hesabu ya watu haiwi sahihi kabla ya kuwa ya haki, na haiwi ya haki mpaka anayehesabiwa aweze kulijua kusudio lililo nyuma ya swali, na aweze pia kulihoji. Mfano ninaouchukua ni Dodoma na nyanda kame za kati ya Tanzania. Huko daftari la dola limefika kwa sura nyingi kuliko mahali pengi pengine: kodi, njaa, mashamba ya karanga, vijiji vya ujamaa, na hatimaye mji mkuu. Na huko ndiko linakokutana Bunge ambamo mjadala wa takwimu, nani azitoe na nani athubutu kuzipinga, umekuwa mkali katika miaka ya karibuni.

Tuanze na nyumba. Nyumba ya asili ya Mgogo ni tembe, nyumba ndefu ya miti na udongo, yenye paa bapa lililofunikwa udongo vilevile, ikiuzunguka ua ambamo mifugo hulala. Chini ya paa moja huweza kukaa mume na wake zake, wana waliokwisha kuoa, na jamaa waliohamia kwa sababu ya ukame kwao. Wajerumani walipotunga amri ya kodi ya nyumba mwaka 1897, swali lililozuka katika nchi ya namna hii lilikuwa la lugha kabla ya kuwa la fedha. Nyumba ni nini? Ni paa? Ni mlango? Ni kila mke na jiko lake, au ni ua mzima? Aliyetumwa na boma ilimfaa aone nyumba nyingi, na aliyekaa ndani ilimfaa ionekane moja. Hesabu ya kwanza ya dola ya kisasa iliyomfikia mkulima wa Ugogo ilimjia, basi, pamoja na mkono ulionyooshwa kudai. Mtu aliyefundishwa hivyo mara ya kwanza hakosi kuukumbuka mkono ule kila amwonapo mgeni mwenye kalamu na karatasi.

Kisha vikaja Vita Vikuu vya Kwanza. Majeshi ya Wajerumani, na baada yao ya Waingereza, yalichukua Ugogo ng'ombe, nafaka na vijana wa kubeba mizigo. Mvua zilipokosekana hapakuwa na akiba iliyobaki ghalani. Njaa iliyofuata, kati ya 1917 na 1920, Wagogo waliiita Mtunya. Wanahistoria wanakadiria kuwa iliua watu wapatao 30,000, yaani kama mmoja katika kila watano. Mwaka 1921, maiti wakiwa bado wanakumbukwa kwa majina, serikali mpya ya Waingereza iliendesha hesabu yake ya kwanza ya watu wa Tanganyika. Daftari hilo liliuliza waliopo ni wangapi. Halikuwa na mstari wa waliokuwapo. Sisemi kwamba makarani walificha jambo. Nasema kwamba daftari hujibu lile tu lililoulizwa, na mwenye kuchagua swali amekwisha kuchagua sehemu kubwa ya jibu.

Watu wa visiwani walikuwa na somo lao katika miaka hiyohiyo, na linafaa liwekwe kando ya lile la bara. Katika hesabu ya Unguja na Pemba ya mwaka 1924 watu zaidi ya 33,000 waliandikwa kuwa ni Waswahili. Katika ile ya 1931 walibaki kama 2,000 tu. Hapakupita tauni wala gharika. Watu walewale, au watoto wao, walikuwa wamejiita jina jingine, kwa kuwa jina la Uswahili lilikuwa limeanza kunuka utumwa machoni pa wenye kugawa heshima, ilhali majina mengine yalifungua milango. Mgogo alipunguza nyumba zake mbele ya mtoza kodi. Mzanzibari alibadilisha kabila lake mbele ya karani. Wote wawili walikuwa wamelisoma swali vizuri kuliko aliyeliandika.

Huko nyanda za kati upo pia ushahidi wa upande wa pili, wa dola yenyewe inavyojidanganya kwa tarakimu zake. Kongwa, mashariki ya Dodoma, ndiko Waingereza walikoanzisha mwaka 1947 mradi mkubwa wa karanga, kwa nia ya kuipatia Uingereza mafuta ya kupikia baada ya vita. Wataalamu waliotangulia mwaka 1946 walifanya uchunguzi kwa wiki chache tu, sehemu kubwa ya nchi wakiitazama kutoka angani. Makadirio yalitoka yakiwa kamili kwenye karatasi: ekari zaidi ya 3,000,000 katika maeneo matatu ya Afrika Mashariki na Kati, idadi ya matrekta, tani za mavuno. Kisichokuwamo ni mvua ya Ugogo isiyoaminika, na udongo wake unaogeuka mgumu kama tofali wakati wa kiangazi, mambo ambayo mkulima yeyote wa Kongwa angeyaeleza bila malipo. Mradi ulifutwa mwaka 1951 ukiwa umekula kama pauni milioni 36. Hesabu isiyomwuliza mwenyeji inaweza kuwa nadhifu kuliko iliyomwuliza, na ikawa ya uongo mtupu.

Baada ya uhuru na Muungano, sensa ya kwanza ya Jamhuri ilifanyika Agosti 1967 na ikapata watu milioni 12.3. Mkoa wa Dodoma ulihesabiwa kuwa na watu 709,000 na ushei, kwa wastani watu 17 katika kila kilomita moja ya mraba. Tangu hapo Agosti ndio umekuwa mwezi wa sensa: 1978, 1988, 2002, 2012 na 2022. Huko kati mwezi huo una maana yake. Mtama na uwele umekwisha kuvunwa, mito ya mchanga imekauka, barabara zinapitika, na watu wengi wako majumbani.

Lakini tawanyiko la tembe lilikuwa tatizo kwa mwenye kuhesabu na kwa mwenye kupanga shule na visima pia. Mwaka 1971 TANU ikaendesha Operesheni Dodoma, na Mwalimu Nyerere mwenyewe akakaa Chamwino akishiriki kazi za mikono, ili Wagogo wakusanyike katika vijiji vya ujamaa. Wapo waliokwenda kwa hiari, na wapo waliokwenda kwa kuwa hapakuwa na njia nyingine. Sensa ya 1978 iliwakuta katika mistari ya nyumba zinazohesabika. Tuseme kweli: kijiji kilileta zahanati na darasa karibu, na daftari la kijiji likawa njia ya kugawia mahindi ya msaada wakati wa ukame. Tuseme kweli vilevile: kumhamisha mtu ili aonekane vizuri na dola si jambo moja na kumwona pale alipo. Hadi leo mfugaji anayefuata malisho ndiye jaribio la kila sensa, maana swali la karani ni nani alilala hapa usiku wa kuamkia siku ya kuhesabu, na yeye huenda alilala chini ya mbuyu katika wilaya ya pili.

Sensa ya 1967 ilikuwa na maswali mawili ambayo hayakurudi tena: kabila lako, na dini yako. Kuondolewa kwake kulifuata siasa ya wakati ule, siasa iliyotaka Mtanzania asijijue kwanza kwa ukoo wala kwa msikiti au kanisa lake. Ni uamuzi wenye hekima yake, na anayetazama majirani zetu ataiona. Kenya huuliza kabila katika sensa zake. Matokeo ya 2009 yalipotolewa Agosti 2010, serikali ilikataa hesabu za wilaya nane za kaskazini na kaskazini-mashariki, ikisema ongezeko lake halielezeki. Wengi wa waliohesabiwa humo walikuwa Wasomali na Waturkana. Mjadala juu ya tarakimu ukageuka kuwa mjadala juu ya nani ni Mkenya, na ukafika mahakamani.

Hata hivyo, swali lililoondolewa katika dodoso haliondoki katika vichwa vya watu. Visiwani tunalijua hilo. Hesabu ya Zanzibar ya 1958 iliwaweka Waafrika na Waarabu katika fungu moja, wakawa watu 279,935 kati ya jumla ya 299,111. Fungu lilikuwa moja karatasini. Miaka mitatu baadaye, Juni 1961, damu ilimwagika katika uchaguzi, na mstari uliowatenga watu ulikuwa uleule ambao daftari lilikuwa limeufuta.

Kwa Tanzania nzima jambo hili lilijitokeza wazi mwaka 2012. Takwimu za dini za 1957 ziliwaweka Waislamu mbele ya Wakristo. Za 1967 ziliwaweka Wakristo mbele kidogo. Kwa kuwa swali halikuulizwa tena, kila upande ulibaki na tarakimu zake, zikinakiliwa kutoka vitabu vya wageni na kutangazwa kana kwamba zimetoka serikalini. Kabla ya sensa ya tarehe 26 Agosti 2012, baadhi ya taasisi za Kiislamu, Shura ya Maimamu chini ya Sheikh Ponda Issa Ponda ikiwa mstari wa mbele, zilidai kipengele cha dini kirudishwe, la sivyo waumini wasihesabiwe. Serikali ilijibu kuwa haipangi maendeleo kwa dini za watu. BAKWATA iliwahimiza Waislamu wajitokeze. Kamisaa wa Sensa, Hajjat Amina Mrisho Said, alikuwa mwenyewe Mwislamu, na hilo halikuwatuliza waliogoma. Baadhi ya makarani walifungiwa milango, na muda wa kuhesabu ukaongezwa. Mwisho wa mwaka Rais Jakaya Kikwete alitangaza watu milioni 44.9.

Tukiwapima waliogoma kwa mizani ya maslahi yao wenyewe, walikosea. Asiyehesabiwa haongezi uzito wa madai yake, hupunguza. Mtaa uliofunga milango ndio utakaokosa dawati na chanjo. Lakini hoja yao ya msingi haikuwa ya kijinga, na ilistahili jibu refu kuliko ililopata. Walisema: ninyi mnasema dini haihesabiwi, mbona hesabu zake zinasomwa hewani? Dola inayoamua kutouliza swali fulani inajitwika wajibu. Inapaswa isizitumie tarakimu za swali hilo hata kwa mafumbo, izikane hadharani zinapotajwa kwa jina lake, na ieleze kwa utulivu, katika misikiti na makanisa na vijiweni, kwa nini imeamua hivyo. Kondoa, mji wa Waislamu wengi katika mkoa uleule ambao Kanisa Anglikana lina mizizi mirefu Mpwapwa na Mvumi, watu wameoana na kuzikana miaka mingi bila kujua nani mwingi. Wanaweza kuendelea hivyo. Wanachohitaji ni yakini kwamba hakuna aliyehesabu kwa siri.

Swali, basi, laweza kuachwa nje ya dodoso. Kuliacha nje ya mjadala ni jambo jingine, na hapo ndipo Dodoma ilipoteleza mwaka 2018. Sheria ya Takwimu ya 2015 ilifanyiwa marekebisho bungeni Septemba mwaka huo, ikawa kosa kutangaza takwimu zenye kupinga au kutia dosari takwimu rasmi, na anayetaka kutoa zake akatakiwa kupata kwanza idhini ya Ofisi ya Taifa ya Takwimu. Adhabu ilikuwa faini isiyopungua shilingi milioni 10, au kifungo kisichopungua miaka mitatu, au vyote pamoja. Hoja ya serikali ilikuwa kulinda ukweli dhidi ya wapotoshaji. Wapinzani, watafiti na asasi za kiraia walisema ukweli unaolindwa kwa jela hauna namna ya kujisahihisha. Benki ya Dunia nayo ilieleza wasiwasi wake. Juni 2019 Bunge lilelile liliirekebisha sheria tena na kuziondoa adhabu hizo kwa wanaochapisha takwimu zao, na ukawekwa utaratibu wa wataalamu kuzikagua takwimu zinapogongana.

Ipo sababu ya kuyatazama marekebisho hayo mawili kama sehemu ya historia ya sensa. Aliyeyafahamu ya Kongwa angejua kwamba mpango ule haukuangushwa na wapotoshaji. Uliangushwa na ukimya wa walioona mapema kuwa tarakimu hazilingani na ardhi. Hesabu njema huhitaji mtu wa pili wa kuirudia. Wanatakwimu wenyewe wanalijua hilo, ndiyo maana sensa za kisasa hufuatwa na zoezi la kurudi katika baadhi ya maeneo na kuuliza upya, ili ijulikane ni wangapi walioachwa na ni wangapi walioandikwa mara mbili. Wanaoruhusu kazi yao irudiwe na wenzao ofisini hawana sababu ya kumwogopa raia anayeirudia nje.

Sensa ya tarehe 23 Agosti 2022 ilitanguliwa na kazi ya anwani za makazi na ikafanywa kwa vishikwambi, chini ya Kamisaa Anne Makinda, aliyepata kuwa Spika. Matokeo yalitangazwa Dodoma na Rais Samia Suluhu Hassan tarehe 31 Oktoba mwaka huo: watu 61,741,120. Mkoa wa Dodoma, uliokuwa na watu 2,083,588 mwaka 2012, sasa ulikuwa na 3,085,625. Na jiji lake lilikuwa limepanda kutoka 410,956 hadi 765,179, serikali ikiwa imekwisha kuhamia huko. Zanzibar ilihesabiwa kuwa na watu 1,889,773, zaidi ya mara tano ya waliohesabiwa 1967. Visiwani ni watu 768 katika kila kilomita moja ya mraba, Dodoma ni kama 75.

Tarakimu hizi hazikai kabatini. Katiba inataka idadi ya watu itazamwe katika kugawa majimbo, pamoja na hali ya mawasiliano na jiografia. Na mwaka 2025 Tume ya Uchaguzi ilipoongeza majimbo, Dodoma Mjini liligawanywa, likazaliwa jimbo la Mtumba. Hapa hesabu inarudi kwenye maana yake ya kale: jina katika daftari limekuwa kiti barazani. Kwa msomaji wa visiwani mizani hii ina uchungu wake. Tukipimwa kwa vichwa pekee, sisi ni kama watatu katika kila mia. Tukipimwa kama mshirika wa Muungano, sisi ni mmoja wa wawili. Hakuna sensa, hata ikiwa safi kama maji ya kisima cha mawe, inayoweza kutuamulia tupimwe kwa kipimo kipi. Hilo ni la kujadiliwa na watu, na mjadala wake hauna budi kuwa wazi kwa sababu tarakimu peke yake zitaonekana kana kwamba zimekwisha kuamua.

Mshairi anajua kuhesabu mizani. Anajua kuwa ubeti wenye silabi kamili unaweza kukosa maana, na kuwa silabi moja iliyopungua hulemaza mstari mzima. Ndivyo lilivyo daftari la taifa. Mzee wa Chamwino na mchungaji asiye na anwani wana uzito sawa na waziri, mmoja kwa mmoja. Kuwaacha ni kuharibu mizani. Na kuwahesabu bila kuwaambia kwa nini wanahesabiwa, wala kuwaruhusu kuuliza kama jumla imetimia, ni kuandika shairi lililotimia vina na kukosa maana. Sensa ijayo ikifuata ada itakuja Agosti 2032. Miaka iliyobaki ni mingi ya kutosha kuyajibu maswali ya 2012 yaliyoahirishwa, kabla karani hajabisha hodi tena mlangoni pa tembe.